Barabara ya Kavutha Ngui

Musili alikuwa amekata majina kumi na tisa alipofika kwenye jina la mama yake.

Hakulitambua mara moja. Fundi wa chuma akishaizoea kazi haoni jina, anaona herufi. K ni ya usumbufu kwa sababu ya ile miguu yake miwili, V ni ya mteremko, U inataka mkono usiotetemeka. Alikuwa tayari amechora K na A na V kwa chaki juu ya bamba, akainua ile karatasi ya kaunti ili ahakikishe nafasi itatosha, na hapo ndipo aliposoma mstari mzima. Namba ishirini: Barabara ya Kavutha Ngui, kutoka nyuma ya soko hadi kijitoni.

Akaiweka chaki chini.

Mwaka huo wawakilishi wadi walikuwa wamepitisha sheria ndogo ya kuzipa majina barabara za mji wa Machakos ambazo hazikuwa na majina. Barabara hizo zilikuwa nyingi. Watu walizoea kusema pale kwa kinu, au nyuma ya msikiti, au ukifika kwa yule mama wa mitumba ukate kushoto. Sheria ikataka kila barabara iwe na kibao, na kanuni zake zikataka herufi za chuma zilizochomelewa, kwa kuwa zile za kubandika jua huzimenya kabla ya miaka miwili kuisha. Mwanakandarasi aliyepata zabuni akatafuta fundi mwenye mwandiko mzuri wa chuma, akaelekezwa kwa Musili, kwenye karakana yake ya mabati upande wa chini wa mji. Vibao thelathini na sita.

Musili alijaribu kujiambia kwamba huyo ni Kavutha mwingine. Kina Kavutha Ukambani ni wengi, na kina Ngui hawahesabiki. Pengine alikuwa mwalimu mkuu wa zamani, au mama aliyetoa kiwanja cha kanisa. Lakini barabara ile aliijua. Ndiyo barabara ambayo mama yake aliifagia miaka ishirini na sita.

Kavutha Ngui alikuwa mfagiaji wa manispaa. Alivaa ovaroli ya kijani, akasukuma toroli lenye gurudumu lililokuwa likilia, na ufagio wake ulikuwa wa vijiti alivyovifunga mwenyewe. Alifariki mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, akazikwa shambani kwao Kathiani. Watu wachache walihudhuria mazishi, na hotuba zilikuwa fupi.

Kuna jambo ambalo Musili hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa shule ya msingi, alikuwa akitoka shuleni na wenzake anazunguka njia ya hospitali, njia ndefu, ili asipite pale mama yake alipokuwa na toroli. Siku moja walikutana hata hivyo. Mama akamwita kwa jina, ana furaha, mkono umeinuliwa. Musili akaendelea kutembea kana kwamba aliyeitwa ni mtu mwingine. Jioni mama alimpakulia chakula kama siku zote, wala hakugusia habari hiyo, siku ile au nyingine yoyote.

Asubuhi iliyofuata alifunga karakana akaenda ofisi ya mipango ya mji. Afisa aliyeshughulikia majina ya barabara aliitwa Winfred, mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mezani pake pamejaa ramani zilizokunjwa.

"Nimekuja kuuliza huyu wa namba ishirini ni nani," Musili akasema.

"Kwani jina liko na makosa?"

"Hapana. Nataka tu kujua ni nani."

Winfred akavuta faili, akalamba kidole, akafunua. "Hii ni ile ya mkutano wa maoni ya wananchi. Ukumbi ulijaa siku hiyo." Kisha akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma kumbukumbu za mkutano: "Marehemu Kavutha Ngui, mfagiaji wa manispaa. Amependekezwa na Bi. Murayo Mire, mfanyabiashara wa barabara hiyo."

"Soma tena pale kwa kazi yake."

Winfred akamtazama kidogo. "Mfagiaji wa manispaa," akasoma.

Akamweleza jinsi ilivyokwenda. Sheria ilikuwa na masharti matatu. Mtu awe amefariki, awe aliwatumikia watu wa barabara hiyo, na wakazi wenyewe wakubali. Bwana mmoja ukumbini alisimama akapinga, akasema barabara ni za watu walioshika vyeo, na wageni wakija watatucheka. Mwenyekiti hakubishana naye. Aliagiza karatasi ipitishwe kwa wenye maduka na wapangaji wa barabara ile, kila anayekubali aweke sahihi.

Winfred akageuza faili ili Musili aone. Kurasa tatu zilikuwa zimejaa sahihi, nyingine za kalamu, nyingine alama za vidole gumba. Mwenye kinu. Fundi wa viatu. Mwuza mbegu. Imamu. Mama wa kibanda cha chai. Musili aliyapitia majina yale moja moja, na kadiri alivyoteremka ndivyo alivyojihisi kama mtu aliyeingia kanisani akakuta ibada imeanza zamani, na kila mtu anaujua wimbo isipokuwa yeye. Chini kabisa palikuwa na idhini ya familia. Imetiwa sahihi: Mutindi Ngui, binti.

"Unamjua?" Winfred akauliza.

"Ni dada yangu."

Alimpigia Mutindi akiwa amekaa kwenye ngazi za ofisi. Mutindi alikuwa shambani Kathiani, kuku walisikika nyuma yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni karatasi tu za serikali, zitapotelea huko," akasema. "Halafu, Musili, wewe hukupenda habari za ule ufagio."

Hakusema kwa ubaya. Musili akamuaga, akakata simu.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwenye duka la Murayo. Lilikuwa duka la vitambaa, katikati ya mteremko ule wa nyuma ya soko, na mwenyewe barabara nzima ilimwita Mama Mustaf kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mzee sasa, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, miguu imefunikwa kwa shuka.

"Mama Mustaf, shikamoo. Mimi ni Musili. Mtoto wa Kavutha."

"Najua wewe ni nani," Murayo akasema. "Uko na paji lake la uso. Keti."

Akaketi juu ya gunia. Murayo hakuulizwa neno, alianza mwenyewe.

"Mimi nilikuja hapa tisini na mbili, na watoto watatu, sijui Kiswahili, sijui Kikamba. Mtu wa kwanza kunisalimia asubuhi alikuwa yeye. Kila siku. Anafika hapa mlangoni, anasimamisha toroli, anasema kwa Kikamba, wĩmũseo, yaani u mzima? Mpaka nikajua kujibu. Sasa ile mvua kubwa ya tisini na saba, unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Hukuwa hapa, kwa hivyo hukuona. Mtaro ule unaopita chini ya barabara uliziba. Maji yakarudi juu, yakaingia madukani. Niliwapandisha watoto juu ya kaunta, maji yakapanda, nikawaweka kwa rafu, pamoja na vitambaa. Wanaume walisimama huku na huku wakipiga kelele, kila mtu anamwambia mwenzake afanye kitu. Ilikuwa Jumapili. Si siku yake ya kazi. Nikamwona anakuja kutoka juu, amevaa nguo ya kanisa."

Murayo akanyoosha mkono kuelekea mdomo wa mtaro, upande wa pili wa barabara.

"Alinipa viatu nimshikie. Akajifunga kamba ya mizigo kiunoni, akatupa mwisho wake, mimi na wanaume wawili tukaishika. Akaingia. Maji yalimfika hapa." Akaweka kiganja kifuani. "Akazama mara ya kwanza, akatoka na gunia. Akazama tena, akatoka na tawi la mti. Mara ya tatu alikaa ndani mpaka mimi nikaanza kuvuta kamba nikilia. Akatoka anaburuta godoro. Godoro zima, Musili. Na yale maji yakapiga mlio mmoja, yakaenda. Barabara ikawa tupu kama sahani. Kesho yake saa kumi na mbili nikamkuta anafagia matope, mkono umefungwa kitambaa. Nikamwambia, wewe si ungepumzika? Akaniuliza, na haya nani atayafagia?"

Musili alikuwa na miaka kumi na minne wakati ule. Aliukumbuka mkono uliofungwa kitambaa. Mama aliwaambia amekatwa na bati, akawaomba wamsaidie kukamua nguo, basi.

Magari madogo ya mizigo yalipita, mtu akamsalimia Murayo, Murayo akaitikia. Hatimaye Musili akauliza lile swali ambalo kwa kweli ndilo lililomleta.

"Aliwahi kusema lolote kunihusu?"

"Alisema unapita ile njia ya hospitali," Murayo akajibu. "Alikuwa anajua. Alisema, mtoto anakua, aibu ni kama nguo, itambana ataivua. Hakukasirika. Alikuwa anacheka akisema."

Musili aliinamisha kichwa. Murayo hakumtazama, aligeukia barabara akamwacha alie kwa heshima yake.

Kibao namba ishirini kilimchukua siku mbili, ilhali vingine alivimaliza kwa nusu siku. Alitamani kuzikuza herufi. Aliweka rula juu ya bamba akapima zingekuwaje zikizidi kidogo tu, hakuna ambaye angejua. Kisha akakumbuka mama aliyefagia mpaka mlangoni kwa kila mtu kwa kipimo kimoja, akazikata sawasawa na za wenzake, milimita kwa milimita. Alichoongeza ni tupa. Alizipiga tupa kingo zote, nyuma na mbele, mpaka kidole kikapita bila kukwaruzika.

Walikisimamisha Alhamisi asubuhi. Milima ya Iveti ilionekana wazi, haina hata wingu. Winfred alikuja na mtu wa kupima, wakakokota utepe kutoka sokoni hadi kijitoni ili urefu uandikwe kwenye rejista: mita mia tatu na kumi. Musili mwenyewe alichimba shimo, akaikoroga saruji, akashikilia mlingoti mpaka ukakaa wima. Wenye maduka walitoka wakasimama milangoni. Hapakuwa na hotuba. Imamu alivua viatu alivyokuwa amekanyagia saruji, akacheka peke yake, akavikung'uta. Mutindi alikuwa ameteremka kutoka Kathiani na gauni lake la Jumapili. Alikigusa kibao kwa viganja viwili, kama anayepima joto la mtoto.

Musili alisimama pembeni, na zile mita mia tatu na kumi hazikumtoka kichwani. Mama alikuwa akishuka na upande mmoja na kupanda na mwingine. Siku mia tatu kwa mwaka, miaka ishirini na sita. Akahesabu kwa simu, akadhani amekosea, akahesabu tena. Zaidi ya kilomita elfu nne na mia nane. Ni kama kufagia kutoka Machakos hadi Mombasa na kurudi, mara tano, kwa ufagio wa vijiti, umeinama. Alimwonyesha Winfred ile namba. Winfred aliitazama, akaitazama barabara, kisha akahama taratibu kutoka pale katikati alipokuwa amesimama, akaenda kusimama kando.

Wiki tatu baadaye Musili alipeleka geti kwa mteja nyuma ya soko. Alipokuwa analishusha, alimwona mwanamke asiyemfahamu, mgeni kwa sura, mfuko mkubwa miguuni, anaongea kwenye simu.

"Teremka tu. Niko hapa Kavutha," mwanamke alikuwa akisema. "Kavutha. Kwani wewe hupajui Kavutha? Uliza mtu yeyote."

Akakata simu, akamwona Musili amesimama na kipande cha geti begani, anamtazama.

"Kuna shida, kaka?"

"Hakuna," Musili akasema. "Ngoja tu hapo hapo. Hapa panajulikana."