Nilichomjibu Mheshimiwa Siku ya Theluji

Watu wa eneo hili la Washington wanaogopa theluji kuliko vita. Nasema hivyo nikiwa nimeviona vyote viwili. Vita vikitangazwa kwenye televisheni, wanabadilisha chaneli. Mtabiri wa hali ya hewa akitaja inchi mbili tu, mikate na maziwa vinakwisha madukani, shule zinafungwa wakati jua bado linawaka, na jirani ambaye hajanisalimia tangu nihamie Beltsville anakuja kuniuliza kama nina koleo. Sina ugomvi na theluji, maana ndiyo inayowafanya watu wa hapa wanizungumzishe.

Msimu huo wa baridi nilikuwa mhudumu wa ukumbi wa mikutano katika hoteli moja upande wa Maryland. Ikatokea kwamba mkutano uliokuja kukaa kwetu ulihusu kwetu hasa: vita vya Maziwa Makuu, na mji wetu wa kando ya ziwa ulikuwa katikati ya mazungumzo. Jina la mji sitalitaja, wala upande alikotoka mjumbe yeyote, kwa sababu pande zote zilikula mayai yaleyale na zote zililalamika kwamba chai ni nyepesi. Sisi wahudumu tuliambiwa tumimine, tuondoe vyombo, tusisikilize. Mimi nilisikiliza. Siku mbili nzima walibishana kama vita viitwe vita, au hali, au changamoto. Mtaalamu mmoja mwenye miwani akapendekeza “sintofahamu”, wakampigia makofi, kisha wakaanza kubishana ni sintofahamu ya nani. Wale fahali wa kwenye methali walikuwa wamekaa wanakula keki, na nyasi ndizo zilizokuwa zikiwamiminia chai.

Hayo niliyasema jikoni, na mwenzangu wa zamu, mama wa Kikenya kutoka bara, alicheka hadi akashika meza. Kicheko changu kilikuwa cha juujuu. Mama yangu mzazi alikuwa ndani ya mji huo. Ana ugonjwa wa sukari na anaishi kwa sindano za insulini. Umeme ulikuwa umekatwa, kwa hiyo mdogo wangu alizitunza chupa za dawa ndani ya chungu cha maji. Barabara zote zilikuwa zimefungwa. Njia iliyobaki ilikuwa boti ya wagonjwa ya kuvuka ziwa, na boti hiyo isingeondoka hadi wajumbe wetu hawa wa keki wakubaliane juu ya orodha ya majina.

Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, alinitumia ujumbe wa sauti. “Yaya, mama iko mubaya. Dawa inabakia ya siku ine. Banasema liste ya bagonjwa iko kule kwenu America, kwa bale bakubwa. Weka jina ya mama, yaya. Uko nabo pale.”

Miaka yote ndugu zangu wamedhani kwamba, kwa kuwa niko Washington, basi napishana na wakubwa wa dunia sokoni. Miaka yote nimekuwa nikiwaeleza kwamba mimi nafuta meza na sijuani na mtu. Mara hiyo moja walikuwa wamepatia. Orodha ilikuwa ndani ya mkoba wa ngozi wa mheshimiwa mmoja, chumba cha pili kutoka lilipokuwa birika langu.

Dhoruba ilipotangazwa tuliombwa tuje na nguo za siku mbili, tukalala hotelini kwenye vitanda vya kukunja. Kulipokucha, magari kwenye uwanja wa maegesho yalikuwa yamegeuka vichuguu vyeupe na barabara haikuonekana. Wajumbe hawakuweza kwenda popote, na hapo niliona ajabu. Watu ambao walikuwa hawajasalimiana tangu siku ya kwanza walisimama pamoja dirishani wakipigana picha. Mmoja alisimulia alivyoanguka kwenye barafu akiwa mwanafunzi ughaibuni. Adui yake akamwonyesha namna ya kutembea kama bata ili mtu asiteleze, na wote wawili wakatembea kama bata juu ya zulia, suti zao zikiwapwaya. Wenyeji wa mkutano nao wakatoa hadithi zao za dhoruba za zamani, kila mmoja akimzidi mwenzake kwa inchi. Juu ya theluji, dunia nzima ilikuwa na kauli moja.

“Ni saa hii,” mwenzangu aliniambia. “Ule mheshimiwa mwenye orodha ako pekee yake hapo kwa dirisha. Enda umshow.”

“Tumekatazwa kuwasumbua wageni.”

“Na nani? Manager amekwama kwake, hata gari lake haliwezi toka. Enda na chai. Hakuna mtu hukatazwa chai.”

Nilikwenda na birika. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri: jina la mama, mtaa, ugonjwa, na zile siku nne, ambazo sasa zilikuwa mbili. Mheshimiwa alitazama kibandiko cha jina kifuani pangu, uso wake ukafunguka.

“Dada, hujambo?”

“Sijambo, mheshimiwa.”

“Jina hili si ni la kwetu? Mtu wa wapi wewe?”

Nikamtajia mji.

“Ala! Basi tuko nyumbani. Habari za huko?”

“Nzuri.”

“Mama yuko?”

“Yuko, mheshimiwa. Hajambo.”

Naomba nieleweke. Mtu akikuamkia, unaitikia. Hata kwenye msiba habari ni nzuri kwanza, ndipo unasema ila tumefiwa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na aliyenilea ni huyohuyo mama. Nilikuwa nangoja zamu ya ile “ila” yangu. Nilishavuta pumzi. Yeye akageuka dirishani, akasema, “Na theluji hii mnaiwezaje, dada yangu?”

Nikamweleza. Mungu anisamehe, nilimweleza vizuri. Nilimwambia kwamba chumvi humwagwa barabarani kabla theluji haijaanguka, kwamba soksi mbili nyembamba zinashinda moja nene, kwamba mtu asimwage maji ya moto kwenye kioo cha gari maana kitapasuka. Aliuliza maswali ya maana. Alicheka niliposema juu ya mikate na maziwa. Alikuwa mtu mwema, hilo ndilo linaloniuma: hakuwa na haraka, na angenisikiliza. Kila nilipomaliza sentensi nilijiambia inayofuata ndiyo itakuwa ya mama, na kila inayofuata ikawa ya theluji. Sijui kwa nini. Nadhani ilikuwa ni raha kuzungumza na mkubwa kwa lugha yangu bila kuomba kitu. Kisha kijana wake wa itifaki akaja kumwita, naye akanishukuru kwa chai na kuondoka.

“Umemwambia?” mwenzangu aliuliza.

“Nimemwambia juu ya chumvi.”

Hakucheka. Alinipokonya birika, akaniambia niandike jina la mama kwenye karatasi na nikamngoje mheshimiwa kwenye mlango wa ukumbi. Niliandika. Niliposimama mlangoni, mlango ulikuwa umeshafungwa na mlinzi amesimama mbele yake, na saa nzima nilikaa pale na kikaratasi changu hadi kikalowa jasho la mkono.

Saa sita mchana tuliitwa kuingiza maji. Waandishi wa habari walikuwa wameshindwa kufika kwa sababu ya barabara, kwa hiyo mheshimiwa alizungumza nao kupitia kamera iliyowekwa juu ya meza. Alisema wamepiga hatua. Alisema watu wetu wamechoshwa na wanaokuza mambo. Halafu akasema, kwa Kiingereza safi:

“Leo asubuhi tu, humu hotelini, nimezungumza na dada mmoja wa mji huohuo. Mtu wa kawaida, si mwanasiasa. Nikamuuliza habari za nyumbani, akaniambia ni nzuri. Mama yake yuko, hajambo. Hao ndio wa kuwasikiliza.”

Wengine walipiga makofi. Mimi nilikuwa na jagi mkononi na glasi ilikuwa haijajaa, nikaendelea kumimina.

Alipotoka nilimfuata kwenye ujia mbele ya mlinzi, na sikujali kazi wala nini. Nilimwambia mheshimiwa, nyumbani si kuzuri, mama anakufa, nikampa karatasi. Aliisoma hadi mwisho. Akavua miwani.

“Dada yangu,” alisema taratibu, “mbona asubuhi hukusema? Orodha tumeitia saini sasa hivi.”

Nilitaka anikemee, au anifukuze, nipate mtu wa kumchukia. Alikikunja kikaratasi akakitia mfuko wa koti, akaniahidi boti ya pili. Alikuwa na haki.

Maneno yake yalifika mjini kwetu kabla ya boti, maana redio zote za huko ziliyarudia siku nzima. Jioni hiyo mdogo wangu alituma ujumbe mwingine. “Yaya, kuko mwanamuke mumoja wa huku kwetu anatumika kazi mu hoteli kule, amesema kwetu kuko muzuri. Munamujua? Mumutafute. Mumwambie akuje alale na mama siku moja tu.”

Nikaandika kwamba nitamtafuta.

Boti ya pili ilichelewa majuma matatu. Dawa walikuwa wakiipata kwa kuomba kwa majirani, leo nusu, kesho hakuna. Mama alivuka akiwa hai, na hilo namshukuru Mungu, lakini katika kungoja alipata kidonda mguuni kikaoza, na hospitali ya ng'ambo ya ziwa iliukata mguu chini ya goti. Alipopata nguvu ya kushika simu mwenyewe tuliongea kwa muda mrefu. Aliniuliza kama bado kuna baridi. Nikasema ipo. Akauliza kama nakula. Nikasema nakula.

“Na yule mwanamuke wa hoteli,” akasema, “mulimupata?”

“Bado, mama. Tunamtafuta.”

Nikasikia kitanda chake kikilia.

“Mukimupata musimugombeze sana,” akasema. “Pengine alisalimiwa tu.”

Nikamwambia sawa, mama. Hadi leo sijamwambia.