Kabati la Mkwe Lapigwa na Jua

Saa mbili asubuhi, Mama Peupe anaketi kwenye kizingiti cha chumba kisicho chake na kufumba macho. Majirani wamejazana nyuma yake kama wanasubiri mganga. Anafumbua.

"Nimegongwa na kabati," anasema. "Hata salamu halikunipa!"

Fundi cherehani, mwenye chumba, anacheka huku ameziba mdomo kwa mkono.

Ndivyo Mama Peupe anavyoianza kila kazi. Hutaja kile kilicholigonga jicho lake kabla ya vingine, kisha ndipo huingia. "Jicho nalo ni mgeni," anasema. "Likipiga hodi, lipe pa kukaa. Ukilisimamisha mlangoni katikati ya masanduku, litatangaza mtaa mzima kwamba kwako hakukaliki."

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na minane hupanga nyumba za watu. Hauzi viti wala rangi. Huchukua vile vile vilivyomo na kuvisogeza mpaka chumba kipumue. Kwa kazi ya siku nzima hulipwa kama dobi aliyefua nguo za familia mbili, na mwenye nyumba akiwa hana kitu, Mama Peupe huondoka na kapu au vipande vya mbao. Jina amepewa na wateja, maana haachi kusema, "Hapo paacheni peupe."

Leo hakuitwa kwa ajili ya urembo. Fundi cherehani anaishi hapa na mumewe mwashi na watoto wao wawili. Mama yake mwashi ana goti lililokataa ngazi, na anatafutiwa pa kuishi. Mwanawe mkubwa yuko tayari kumchukua, lakini anakaa ghorofa ya nne.

"Mama akipandishwa kule hashuki tena," anasema fundi. "Mtu aliyezoea kukaa nje na wenzake! Ataona watu kupitia dirishani kama picha."

Mchana mama mkwe anakuja kuona kama kitanda chake kitaingia. Kisipoingia, jioni atapelekwa ghorofani.

Na hapa yafaa tukumbushane, kwa kuwa wapo wanaotaka tusahau. Vyumba vya ua huu vilijengwa viwe ghala la magunia. Wapangaji wa zamani wanalikumbuka vumbi la nafaka lililokuwa likiwadondokea usingizini. Magunia yalipotolewa wakaingizwa watu, na kilichobadilishwa ni kufuli tu. Kila chumba kina dirisha moja, dogo, juu kabisa, kwani gunia lina haja gani ya kuona nje? Kodi imepanda, ikapanda tena. Rafu haijapigiliwa hata moja. Kisha wanaokusanya kodi hiyo ndio hao hao wanaosema maskini hajui usafi!

Mama Peupe aliyasikia maneno hayo kwa miaka kumi na tisa, alipokuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya vyumba saba.

"Bosi wangu aliniambia, 'Nyinyi wa chumba kimoja mmezoea vurugu.' Lakini makabati yake nani alikuwa anayafungua? Si mimi? Vurugu ilikuwa humo, imefungiwa kwa ufunguo. Alichotuzidi yule mama ni milango."

Kanuni yake haina mjadala. Kila kitu hutolewa uani, na hakirudi ndani ila kwa mkono wa anayekitumia. Kisicho na mwenyewe kinalala nje. Basi zinatoka ndoo zilizopasuka, vitambaa vya kushonea, viatu vya mpangaji aliyehama zamani. Inatoka na redio kubwa.

"Hii ya nani?" anauliza Mama Peupe.

"Ya mume wangu," anajibu fundi.

"Inaongea?"

"Haijaongea tangu tuoane."

"Ilikusikia wewe ikaona haina kazi tena!" anadakia jirani muuza mkaa, na ua mzima unaangua kicheko.

Kicheko kinakatika zamu ya kabati inapofika. Ni kabati la vyombo, la vioo, linagusa dari na limemeza ukuta mzima. Ndani yake mna vikombe vyenye ukingo wa dhahabu.

"Hilo halitoki," anasema fundi. "Ni zawadi ya mama mkwe, ya harusi. Likitoka, na mimi natoka."

"Na hivyo vikombe, wageni walivinywea lini?"

"Bado hawajaja wa kuvistahili."

Mama Peupe habishani na mtu mbele ya kitu cha mkwe. Anatandaza mkono ukutani, anapima shubiri kwa shubiri. "Mwanangu, kabati na kitanda havikai pamoja humu. Tulitoe tu kidogo tupime. Mkwe akifika, atalikuta mahali pake."

Wanaume wanne wanalibeba. Na chumba, walahi, kinaonekana kama kimevuta pumzi! Mama Peupe anatundika pazia jeupe kutoka darini hadi sakafuni, vitambaa vya kushonea vinapotea nyuma yake. Kioo cha kujitazamia anakielekeza kwenye kile kidirisha, mwanga unarudi mara mbili. Ukuta unaoutazama mlango hautundikwi kitu. "Hapo paacheni peupe. Ndipo jicho litakapokaa."

Ndipo sauti inapopiga hodi uani, hata mchana haujafika. Mama mkwe huyo, na mkongojo wake, ameshikwa mkono na mwanawe mwashi. Na mbele yake, katikati ya jua, limesimama kabati lake. Juu ya kabati, kuku.

Fundi anapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bibi halitazami goti la mkwewe. Analizunguka kabati polepole, anamfukuza kuku kwa mkongojo. "Kumbe hili dude bado lipo?"

"Mama, tumelitoa kidogo tu, tulikuwa tunapima…"

"Mnapima nini? Mimi nililitoa kwangu kwa sababu lilinizibia dirisha! Nilitafuta wa kumtupia, mara mwanangu akaoa. Nikasema Mungu si Athumani!"

Mwashi anashika kichwa. "Mama! Miaka kumi na moja tunajibana ukutani kwa heshima yako!"

"Heshima gani hiyo mnaipa mbao? Mimi nipeni kitanda!"

Muuza mkaa anacheka mpaka anakaa chini. Mwashi analeta bisibisi, na kabla jua halijafika utosini, kabati limekuwa rafu ndefu juu ya mlango na sanduku la nguo la kusukuma mvunguni. Kitanda kilicholetwa kwa mkokoteni kinaingia. Kinakaa chini ya dirisha, na nafasi ya cherehani inabaki.

Mama Peupe anamkalisha bibi kizingitini. "Fumba macho, dada. Haya, fumbua. Umeona nini kwanza?"

Bibi ananyoosha mkongojo kuelekea ndani. "Kitanda changu."

Chai inanywewa uani, kwa vikombe vya ukingo wa dhahabu. "Mume wangu," bibi anamwita mjukuu wake wa kiume, "niongeze sukari, au umeshaoa mwingine?"

Mama Peupe anasema hajamaliza. Anataka kupanga vyumba vyote vya ua huu, kimoja baada ya kingine. Lakini pana kitu mikono yake haikiwezi. "Kila kilichomo nitakipanga. Mwanga nitaupangaje, na haujaingia?"

Kwa hiyo mwisho wa mwezi wapangaji wote wataandamana mpaka kwa mwenye nyumba kudai dirisha la pili, la kimo cha mtu. Si ombi, anasema. Ni deni la tangu enzi za magunia.

"Nami nimo," anasema bibi na kuuvuta mkongojo wake karibu. "Huku hakuna ngazi."