Chumba cha Kazi Pekee

"Soma kwa sauti." Mtaa mzima ulimjua Mama Muhuri kwa maneno hayo mawili matatu, na waliopenda kumwiga walimwiga hayo hayo, wakikunja uso na kushusha miwani ya uongo puani. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha viapo na sahihi za watu. Aliyepoteza kitambulisho, aliyeuza kiwanja, aliyetaka kuapa kwamba jina la kwenye cheti cha kuzaliwa na lile la cheti cha shule ni ya mtu mmoja, wote walipita mezani kwake. Wathibitishaji wengine mjini hugonga muhuri huku wakiongea na simu. Yeye, hapana. Ilikuwa lazima usimame mbele ya meza yake usome kiapo chako mstari kwa mstari, na usiyejua kusoma alikusomea mwenyewe, kisha akakuuliza, "Ndivyo ilivyo?" Watu walinung'unika, wakamwita king'ang'anizi. Lakini wapo waliofika katikati ya karatasi zao wakakwama, wakazikunja, wakaaga.

Zamani alikuwa na ofisi ya kupanga ghorofani, katikati ya mji. Pango lilipomshinda alihamishia meza, kabati la chuma na viti viwili nyumbani kwake, kwenye chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani. Sasa, mtu aliyejiajiri hana mwajiri wa kumkata kodi kwenye mshahara. Kila mwaka hujaza mwenyewe: nimepata hiki, na ili nikipate nimetumia hiki, na alichotumia hupunguzwa kabla hajatozwa. Wino wa muhuri unapunguzwa. Karatasi, ada ya leseni, bima, nauli ya kwenda kumwapisha mgonjwa hospitalini, vyote vinapunguzwa. Hata chumba cha nyumbani hupunguzwa, ila kwa sharti moja, kwamba kiwe cha kazi pekee. Asilale mtu humo, pasiliwe chakula humo, kisigeuzwe stoo. Mwaka wa kwanza Mama Muhuri aliandika hivyo, na ilikuwa kweli tupu.

Kisha mama yake akapata kiharusi, upande wa kushoto ukafa ganzi.

Chumba cha ndani hakikumfaa. Kilikuwa chembamba, cha kupandia ngazi, na bibi huyo alipobebwa mara ya kwanza kupelekwa huko alilia kwamba anafungiwa kwenye sanduku. Basi kitanda chake kikawekwa chumba cha mbele, chini ya dirisha, wakatundika pazia la kijani kati yake na meza. Alitakiwa akae kimya wateja wakiwapo. Mjue kwanza bibi mwenyewe: ameuza vitambaa sokoni tangu ujana wake, na mdomo wake ndio ulikuwa mtaji. Mteja akitoka tu, hukumu ilisikika nyuma ya pazia.

"Huyo kiwanja si chake."

"Mama, umejuaje?"

"Amemeza mate kabla ya kutaja mpaka. Mwenye mali hamezi mate."

Siku moja bwana mmoja alikuwa anasoma kwa sauti kwamba hajawahi kuoa popote, pazia likacheka. Si kicheko cha kuficha, kilikuwa kicheko cha kushika mbavu. Yule bwana alichukua kofia yake akatoka bila kuaga, na mama na mwana walicheka hadi machozi, mpaka Mama Muhuri akalazimika kufunga mlango kidogo. Bibi alipenda kuuliza mambo ya kodi pia. "Wino unapunguzwa, nauli inapunguzwa. Na hii chai yangu mnayoipikia maji mengi, mbona haipunguzwi?" Ule mwaka wa ugonjwa, ukiniuliza mimi, ndio mwaka waliopendana kuliko yote.

Lakini kwenye fomu ya mwaka ule chumba kilibaki kile kile, cha kazi pekee. Usinidanganye kwamba alisahau. Mwanzoni alijiambia mama atapona, kitanda kitaondoka. Baadaye mhasibu wake alinakili ya mwaka uliopita, naye akatia sahihi bila kusoma, yeye aliyewasomesha watu wazima kama watoto wa shule.

Simu ikapigwa kutoka ofisi ya kodi. Kabla ya kupewa cheti cha kwamba hadaiwi, mkaguzi angekuja kuona chumba. Bila cheti hicho leseni haihuishwi, na bila leseni muhuri ule ni kipande cha mpira tu. Alimkimbilia mhasibu, mtu mcheshi mwenye ofisi nyuma ya duka la viatu.

"Dada yangu, bi mkubwa analala wapi?" mhasibu akauliza.

"Unajua anapolala."

"Mimi sijui kitu, na mkaguzi naye asijue. Akiona kitanda anafuta chumba, anarudi kwenye fomu za nyuma, anabandika na faini juu yake. Hutamaliza kulipa kabla leseni haijaisha."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Bi mkubwa akapumzike kwa mdogo wako siku mbili tatu. Na uandike kiapo kwamba chumba ni cha ofisi. Mkaguzi akikuta kiapo cha mthibitishaji mzima hata soda hatamaliza, anaondoka."

Mdogo wake alikuwa fundi wa friji. Alilala nyuma ya karakana yake, kwenye chumba ambacho nusu yake ilikuwa friji zilizofunguliwa matumbo na sakafu yake haikauki, maana friji zinazoyeyuka humwaga maji. "Dada, kwangu hapafai mgonjwa," alisema. "Lakini kama ni siku mbili, siwezi kumkataa mama yangu."

Ilibaki kumwambia bibi. Mama Muhuri alitafuta maneno matamu, kwamba mdogo wake amemkumbuka mama, anataka kukaa naye kidogo. Alipanga kumwambia baada ya chakula cha mchana. Asubuhi ile, bibi akiwa amelala, akaona aandike kiapo kwanza. Akafunga mlango wa barabarani, akaandika, akachomoa karatasi kwenye mashine ya kuchapia. Na hapo mazoea yakamponza. Miaka yote ile hakuna kiapo kilichotoka chumbani mwake bila kusomwa kwa sauti, na mdomo ulianza wenyewe.

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini, naapa na kuthibitisha kwamba chumba cha mbele cha nyumba yangu kinatumika kwa shughuli za ofisi pekee. Kwamba hakuna mtu anayekaa wala kulala humo. Kwamba tangu nianze kazi humo hakijawahi kuwa malazi ya mtu yeyote." Akamaliza, na kabla hajajizuia akauliza hewani, "Ndivyo ilivyo?"

Kitanda kikalia nyuma ya pazia.

Alisimama na karatasi yake mkononi, akingoja hukumu. Angetukanwa, angeshukuru. Angecheka bibi kile kicheko chake, wangecheka wote na karatasi ingechanwa, mimi naamini hivyo. Lakini bibi hakusema lolote juu ya aliyoyasikia. Baada ya muda aliomba maji, akanywa, akarudisha kikombe. Jioni ilipokaribia alisema, akitazama dirishani, "Nipeleke kwa mdogo wako."

"Kwa nini, mama?"

"Nimekaa sana hapa."

Na hapa ndipo ninapomkasirikia Mama Muhuri, maana alichohisi kwanza ni nafuu. Aibu ilikuja, tena kali, lakini ilikuja ya pili. Alikunja nguo za mama yake bila kumtazama usoni, akaita gari, na mdogo wake akaja kusaidia kumbeba. Asubuhi yake alikwenda kwa mthibitishaji mwenzake, kwani kiapo chako huwezi kujiapisha mwenyewe. Mwenzake alicheka, akagonga muhuri. "Wewe tena nikusomeshe?"

Mkaguzi alikuwa aje Jumanne. Jumanne alipiga simu akasema Alhamisi. Alhamisi akasema ana udhuru, wiki ijayo. Kila jioni Mama Muhuri alibeba uji kwenda karakana, na kila jioni alimkuta bibi kwenye godoro kati ya friji mbili, blanketi limemfika kidevuni. Nje nyundo zinagonga, ndani harufu ya gesi na chuma kilichochomwa. Bibi aliyekuwa na neno kwa kila mtu sasa alikuwa na swali moja tu.

"Mgeni wako amekuja?"

"Bado, mama. Lakini twende zetu nyumbani, mgeni atajua mwenyewe."

"Asinikute. Akija ndiyo nitarudi."

Alimwomba radhi, tena kwa magoti, juu ya sakafu ile yenye maji. Bibi alimpapasa kichwa kwa mkono wake mzima, akamwambia ainuke asije akashikwa na baridi. Hilo lilimuumiza kuliko tusi. Angeweza kumbeba kwa nguvu akamrudisha, mdogo wake alikuwapo na gari lilikuwapo. Kila jioni alisema kesho. Wiki ya pili kifua cha bibi kilianza kukoroma. Daktari akaja akaandika dawa, akasema atolewe mahali pale pa unyevu, na Mama Muhuri akasema ndiyo, keshokutwa mkaguzi anakuja kwa hakika, keshokutwa hiyo hiyo. Mchana wa kesho yake mdogo wake alitoka kwenda kununua mtungi wa gesi. Aliporudi bibi alikuwa amekwisha kufa, amegeukia ukutani.

Walimzika Jumamosi. Mkaguzi, baada ya kuahirisha tena, alikuja Jumatatu.

Alikuwa kijana msafi, mpole, kifutio na utepe wa kupimia mfukoni. Alimkuta Mama Muhuri kavaa nguo za msiba, akaomba radhi, akasema anaweza kurudi siku nyingine. "Ingia," Mama Muhuri akamwambia. "Chumba hakina mtu." Kijana alipima ukuta huu na ule. Pazia na kitanda vilikuwa vimeondolewa. Chini ya dirisha rangi ya ukuta ilikuwa imechunwa mstari mrefu, pale palipokuwa pakisuguliwa na kitanda. Aliuona, Mama Muhuri aliona kwamba ameuona, lakini hakuuliza. Akakaa, akafungua jalada lake.

"Kiapo chako ninacho. Hakuna anayelala humu?"

"Mama yangu alikuwa akilala humu," Mama Muhuri akasema. "Pale, chini ya dirisha. Karibu mwaka mzima. Andika."

Kijana akaweka kalamu. "Yuko wapi sasa?"

"Ndiye tuliyemzika juzi. Nilimtoa kwa ajili yako. Andika na hilo."

"Pole sana, mama," kijana akasema. "Lakini mbona hukusema? Ungegawa tu chumba. Upande wa kitanda ungeutoa, upande wa meza ungebaki. Tunao wengi wanaofanya hivyo. Na mzazi unayemtunza ana punguzo lake, tena kubwa kuliko la hiki chumba."

"Mhasibu wangu hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Hakumuuliza. Aliuliza afanyeje apite, basi. Aliushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alilia mbele ya mtu.

"Basi andika sasa," akasema.

"Siwezi. Nikiandika kwamba aliishi humu, nimeandika kwamba uliapa uongo. Hilo tena si suala la kodi. Leseni inakwenda, na wewe pengine unakwenda nayo mahakamani." Kijana akashusha sauti. "Mimi naandika nilichokiona. Nimeona meza, kabati na viti viwili."

"Nakuomba, mwanangu. Aliishi humu."

"Ninakusaidia, mama."

Na alikuwa anamsaidia kweli, wala simlaumu. Aliandika, akamsogezea karatasi, akamwonyesha pa kutia sahihi. Mama Muhuri aliitazama kwa muda mrefu. Kwenye karatasi ile hapakuwa na bibi, hapakuwa na kitanda, hapakuwa na kikohozi wala kicheko, na hapakuwahi kuwa. Alikuwa na umri wa kutoanza kazi nyingine. Akatia sahihi.

Jioni alikwenda karakana. Mdogo wake alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji, anafuta mafuta mikononi kwa tambara. Hakuinuka.

"Amekuja yule mtu?" akauliza.

"Amekuja. Imepita. Cheti nitapewa wiki hii."

Mdogo wake alitikisa kichwa polepole, akaendelea kufuta vidole kimoja kimoja. Hakuwa na hasira, wala hakukusudia kumchoma dada yake.

"Basi leo ndiyo tungemrudisha," akasema.