Deki Juu ya Mifuko ya Salfa

Nyumbani kwetu Newala deki za kaseti zilikuwa nyingi kuliko viti. Mgeni akija ilibidi tuhamishe moja ndipo apate pa kukaa, na baba alimtazama mgeni yule kama mtu aliyemwondoa mgonjwa kitandani. Zote zilikuwa kuukuu. Moja ya mzungu wa misheni aliyerudi kwao, moja ya baa ya Masasi iliyofilisika, nyingine ya mnunuzi wa korosho aliyeichoka kwa sababu ilitoa sauti upande mmoja tu. Watu walisema mwalimu, yaani baba, kaingiwa na wazimu wa vyuma, na mimi sikubishana nao. Walichokuwa hawakijui ni kwamba baba alikuwa akitafuta vipuri vya kuiponya deki moja tu, na deki hiyo aliiua mwenyewe.

Ngoja niieleze kwa utaratibu, maana nikianza na hasira nitaiharibu.

Deki hiyo aliinunua msimu ule wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua korosho. Masasi ilijaa vitu ghafla, mpaka watu wakawa wanashuka huko bila shughuli, kutazama tu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa siasa ya ujamaa hasa. Asubuhi aliwatukana walanguzi, jioni unamkuta kasimama mlangoni mwa duka lao, anaitolea macho deki. Mama alimtania kwamba angeomba ushirika nao uuze deki, ili dhambi impungukie. Akainunua. Ilikuwa nzito, ya rangi ya fedha, na mbele ina mishale miwili iliyocheza ndani ya kioo kila sauti ilipopanda. Umeme hatukuwa nao, basi fundi mmoja wa mjini akaigeuza ikubali betri ya gari.

Haikupita muda, mkanda wa mpira unaoizungusha kaseti ukakatika. Baba akakata mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Ulikuwa unateleza, na tangu hapo deki ikawa inakwenda polepole. Kwaya ziliimba kama watu walioamshwa sasa hivi, wanawake wakawa na sauti za kiume. Tulizoea. Nilipozisikia nyimbo zile zile kwa jirani nilijua redio yao ndiyo mbovu.

Kaka yangu alikuwa mkubwa kwangu sana. Mimi nazaliwa, yeye ameshatoka jandoni na sauti nzito anayo. Tulikuwa wawili tu. Mwaka mmoja ushirika ulichukua korosho za watu, ukawapa karatasi na kuwaambia wasubiri malipo. Kaka hakusubiri. Alipakia magunia yetu yaliyobaki, akawauzia wanunuzi binafsi, akarudi na mabati ya kuezekea jiko la mama, kwa sababu mama alikuwa anapika huku mvua inamnyeshea mgongoni. Baba akatoka nje. Mbele ya majirani akamwita mwanawe mlanguzi, akamwita mwizi, akamwambia mabati hayo akaezeke kwake, maana hapa hana nyumba. Wahenga walisema hasira hasara, lakini nani angemwambia mwalimu.

Kesho yake baba alipokwenda shuleni, kaka alikaa mbele ya deki na kaseti tupu. Akarekodi kipindi cha salamu, anaigiza mtangazaji wa redio. Salamu zimfikie mama mzazi, popote alipo jikoni. Zimfikie mdogo wangu, bingwa wa kununa wilaya nzima. Akasalimia majirani, akasalimia kuku mmoja mmoja kwa tabia zake. Baba hakumtaja. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Tukaisikiliza papo hapo, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, haikupungua kitu. Kisha akabeba begi, akaenda Tunduru kwenye machimbo ya vito.

Sasa salfa. Zamani unga ule wa kupulizia mikorosho ulikaa ghalani kwa ushirika. Siku hizo ikawa kila mtu na wake, na wezi wakawa wengi kuliko mikorosho. Basi kila nyumba ilifanya jambo moja: mifuko ya salfa ikalazwa sebuleni, chumba chenye kufuli. Na kwa kuwa mchwa wetu hawali salfa, watu wakaona hapo ndipo pa kuwekea vitu vya thamani. Biblia juu ya salfa, cherehani juu ya salfa. Baba akaipandisha deki yake juu ya mifuko, akaifunika kitambaa cha kufumwa, akajisifu kwamba mchwa watamwona hivi hivi. Tukalala na harufu ile masika nzima, ukungu wa uwanda wa juu ukiingia kila asubuhi mpaka kwenye shuka.

Masika hiyo hiyo shimo lilimfukia kaka. Wenzake walimzika kule kule. Aliyeleta habari alikuja na begi, ndani kuna nguo na viatu, basi. Matanga yalipoanuliwa mama aliomba kitu kimoja tu, awekewe ile kaseti.

Baba akabonyeza. Mishale haikunyanyuka. Akabonyeza tena, akaipiga ubavuni, akabadilisha betri. Kimya. Tulipoifungua, kila palipokuwa na shaba pamekuwa peusi tii, nyaya zinakatika ukizigusa. Fundi wa mjini aliinusa tu, akauliza kama tunailaza na salfa. Salfa na unyevu wa ukungu vilikuwa vimeitafuna kimya kimya, huku sisi tunawaogopa mchwa.

Utauliza kwa nini hatukwenda kwa jirani. Mimi nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti ya juu. Mama alikataa katakata. Alishaona redio ya watu ikila kaseti harusini, utepe ukitolewa umejikunja kama utumbo. Alisema mwanawe amefukiwa mara moja, hatamtia tena kwenye mdomo wa mashine asiyoijua. Akaifunga kaseti kwenye pindo la kanga, akasema atasubiri deki yetu ipone.

Hapo ndipo baba alipoanza kukusanya. Alikwenda Masasi, akashuka mpaka Nanganga kwa habari tu kwamba kuna mtu ana deki imekufa. Ndanda alikwenda kuomba spiriti ya kusafishia, akarudi na chupa ndogo na deki nyingine kwapani. Alizifungua zote juu ya mkeka. Kutoka hii alitoa mota, kutoka ile swichi, kutoka nyingine mkanda halisi wa mpira, mwembamba, usioteleza. Kichwa cha kusomea alikisugua kwa pamba na spiriti taratibu, mtu aliyekuwa hajawahi kumwosha mtoto usoni. Niseme kweli, nilimchukia. Nilimchukia zaidi siku deki moja ya kujaribia ilipoimba na yeye akafumba macho, anatikisa kichwa, anasema sikiliza besi hiyo. Jamani, besi! Mama alikuwa mlangoni na ndoo ya maji kichwani, na pindo la kanga limefungwa fundo. Nadhani baba alikuwa anazipenda kweli zile mashine. Ziliharibika, akazitengeneza, zikamsamehe.

Ikafika siku deki yetu ikapona. Ilikuwa mchana, mashine za kupulizia zinanguruma mashambani. Baba aliijaribu kwa kaseti za kwaya mpaka mama mwenyewe akaridhika. Kwaya ziliimba sawasawa, wanawake wakarudi kuwa wanawake. Mama akafungua fundo, akaiweka kaseti kwa mkono wake.

Ikaja sauti ya mtoto.

Nyembamba, ya haraka, inacheka. Salamu zimfikie mama mzazi. Maneno ya kaka yote yalikuwepo, kaka hayupo. Mimi nilifikiri nimepagawa. Baba akaelewa, akaanza kutueleza kama yuko darasani, karibu afurahi. Kaseti ilirekodiwa deki ikienda polepole kwa ule mpira wa baiskeli. Sasa inakwenda inavyotakiwa, ndiyo maana sauti imepanda. Nyuma ya mota kuna skrubu ndogo, akiilegeza kidogo tu, kijana mwenyewe atarudi na sauti yake. Akachukua bisibisi. Moyoni nilikuwa namwambia fanya haraka, baba.

Mama akamshika mkono.

“Mwalimu, acha hivyo hivyo.”

Baba akamwambia kwa upole kwamba hiyo siyo sauti ya kijana, ya kwake inakuja sasa hivi.

“Ni yake,” mama akasema. “Alikuwa anaongea hivi kabla hujampeleka jandoni.”

Nikaingilia. Nikasema mimi namtaka kaka yangu, mtoto huyo mimi simjui, sikumkuta. Mama hakunigeukia. Kaseti ilikuwa inakimbia, yule mtoto anawasalimia majirani kwa kasi. Baba alikuwa bado na bisibisi, mkono uko ndani ya mkono wa mama. Akasema naye anataka kumsikia alivyokuwa siku ile, hata kama hakutajwa. Sijui nani alimwambia kwamba hakutajwa.

“Huyu bado hajagombana na mtu,” mama akasema. “Niachie huyu.”

Baba akaiweka bisibisi chini. Mama alimsikiliza mtoto wake kila alipotaka, miaka yake yote iliyobaki, na baba alikuwa akimwekea, kisha anatoka kwenda kukaa nje mpaka iishe.

Wote wawili wameshatangulia. Deki iko kwangu, skrubu naijua ilipo. Namtaka kaka yangu mkubwa, yule wa sauti nzito, namtaka mno, na nikiilegeza kidogo tu atakuja. Nimeshaifungua deki ile mara nyingi. Kila mara namsikia mama akisema niachie huyu, na mkono unakataa.