Jembe la Mama Modest

Sauti ya Hildegardi hufika kabla yake. Kule Namswea, kijijini kwake milimani, watu wakiwa shambani wanachuma kahawa, husikia kicheko ng'ambo ya kijito wakaambiana, "Mama Modest huyo anakuja, tayarisheni majibu," kwa sababu mwanamke huyu hampiti mtu bila kumtania. Bwana shamba alishaambiwa kwamba kitambi chake kimetokana na semina. Katekista alishaulizwa kama mbinguni kuna ugali au ni kuimba tu kutwa nzima. Hildegardi ana miaka hamsini na tisa, ni mfupi, mnene kiasi, na akishuka mlima na debe la maji kichwani huwezi kumfikia hata ukikimbia.

Jina la Mama Modest alilipigania mwenyewe. Modest, mwanawe wa kiume wa pekee, alipofariki, majirani waliona vibaya kulitaja jina hilo. Wakaanza kumwita Mama Flavia, kwa jina la binti yake aliyeolewa Lipingo, ziwani. Alivumilia wiki mbili. Jumapili ya tatu, misa ilipokwisha, alisimama nje ya kanisa, mikono kiunoni.

"Nyie! Nilimzaa, sikumzaa?"

"Ulimzaa, mama."

"Basi niiteni kama mlivyokuwa mkiniita. Aliyekufa ni yeye, jina halijafa."

Habari yenyewe ilitokea miaka minne iliyopita, siku ambayo ilikuwa ya furaha tangu asubuhi. Hildegardi na majirani walikuwa wameshuka Lipingo kwa ubatizo wa mtoto wa Flavia. Shughuli ilifana: samaki wabichi kutoka ziwani, ngoma, na pombe iliyokuwa haiishi. Modest, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuja amepakiwa kwenye pikipiki ya rafiki yake Bernadi, mtoto wa Celestina, jirani yao wa mlango kwa mlango. Wawili hao walikuwa wamekua pamoja, wakachapwa pamoja shuleni, na kila mmoja alikuwa akila kwa mwenzake bila kualikwa.

Saa tisa alasiri wakaaga. Bernadi alikuwa amelewa, na kila mtu aliona. Ufunguo wa pikipiki ulikuwa mezani, mbele ya Hildegardi. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameusogeza kwa mkono wake mwenyewe ili apate pa kuweka sahani ya samaki. Bernadi akauchukua. Hildegardi akasema, "Mwende polepole, wanangu," nao wakaondoka wakipiga honi. Kwenye kona ya tatu ya kupandia milimani, pikipiki ikaacha njia. Bernadi alivunjika mtulinga. Modest hakufika hospitali.

Polisi walimpima Bernadi wakamkuta na kilevi. Mahakamani hakukana kosa. Kabla ya hukumu, hakimu alimwuliza mama wa marehemu kama ana la kusema. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa Namswea, nusu wakitaka aombe kijana aozee gerezani, nusu wakitaka amsamehe hapo hapo. Hildegardi akasimama, akajifunga khanga vizuri.

"Mheshimiwa, mfunge. Ameniachia nyumba tupu, na akienda nyumbani leo, vijana wetu watadhani hiyo ni ajali tu, imepita. Lakini usimfunge mpaka azeeke. Akitoka, nina kazi naye."

Alihukumiwa miaka mitatu, na leseni ikafutwa. Kwa tabia njema alitoka baada ya miwili, amekonda, hatazami mtu usoni. Siku ya tatu akaja kwa Hildegardi pamoja na mjomba wake Polikarpo, mzee anayeogopwa kijiji kizima kwa hotuba zake. Polikarpo alikohoa, akaanza tangu enzi za mababu walipohamia milimani.

"Mzee Polikarpo," Hildegardi akamkatiza, "hayo weka akiba ya harusi. Twende huku."

Akawapeleka nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaoanzia kijitoni na kupanda mpaka kwenye jiwe jeupe. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Mteremko huo alikuwa akiulima pamoja na Modest, kwa ngoro, kama Wamatengo wanavyolima tangu zamani. Kazi ya ngoro ni ya watu wawili. Mwanamume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzipanga chini kwa mistari inayokatana mpaka mlima mzima uwe miraba. Mwanamke hushika jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi kwa udongo, na juu ya matuta hayo hupandwa maharage. Mvua ikinyesha, maji hutulia kwenye mashimo, udongo haukimbii. Mwanamume akionekana ameinama na jembe kwenye ngoro, watu huulizana mke wake amekwenda wapi.

"Tangu Modest aondoke hakuna aliyefyeka hapa," Hildegardi akasema. "Utafyeka wewe, utapanga nyasi wewe, na jembe utashika wewe. Mimi hapa nilikuwa nachimba nyuma ya mwanangu. Sichimbi nyuma ya mtu mwingine. Ukifika kwenye lile jiwe, nitaita watu, na mbele yao nitasema kama imetosha au haijatosha."

"Ndiyo, mama," Bernadi akasema.

"Na usidhani najua nitasema nini. Sijui."

Hiyo ilikuwa Machi ya mwaka jana. Habari zikaenea, na siku Bernadi aliposhika jembe kwa mara ya kwanza, wanawake wa mteremko wa jirani waliacha kazi zao wakatazame. Kufyeka alijua, kupanga nyasi alijua, lakini jembe la ngoro hakuwahi kulishika maishani. Akachimba kwa nguvu, akachimba kwa aibu, akachimba bila kuinua kichwa. Shimo la ngoro huwa pana na la wastani. La kwake likawa refu, jembamba, na lenye kina cha kufika kiunoni.

Hildegardi akafika kumtazama. Akalizunguka lile shimo mara moja.

"Kijana wa Celestina," akasema, "hapa unamzika nani?"

Bernadi akaliona kaburi alilochimba. Jembe likamdondoka, na machozi yakaanza kumtoka. Hildegardi akajaribu kukaza uso, lakini pembe za mdomo zikamsaliti. Kicheko kikamtoka, kile cha kusikika ng'ambo ya kijito, mpaka kilemba kikamvuka. Miaka mitatu alikuwa hajacheka namna ile. Akakaa ukingoni mwa shimo akacheka, na katikati ya kicheko akagundua kwamba analia, na wanawake wa jirani nao, akina Ottilia, wakawa wanacheka na kulia bila kujua waanze na lipi. Alipomaliza, alipenga kamasi, akamwambia Bernadi, "Lifukie hilo. Tazama, jembe linashikwa hivi, siyo kama unaua nyoka."

Tangu siku hiyo alimfundisha. Bernadi akawa mwanamume wa kwanza kijijini kuzomewa kwa ngoro iliyopinda na kusifiwa kwa ngoro iliyonyooka. Wanawake walimpitia asubuhi wakimwuliza, "Shoga, umeamkaje?" naye akajifunza kujibu, "Salama, shoga, mgongo tu." Mchana Hildegardi alimletea ugali na maharage, akaketi mbali kidogo, akamsimulia utundu wa Modest ambao Bernadi alikuwa akiujua vizuri, kwa kuwa nusu yake waliufanya pamoja. Lakini jina la Bernadi hakulitamka. Mtu ambaye humwita kila kijana mwanangu, hata daktari wa mifugo, kwa Bernadi alisema "kijana wa Celestina" na hakuongeza neno.

Machi ya mwaka huu, mashimo yalikaribia jiwe. Ikabaki mistari mitatu ya juu. Hildegardi akatangaza ngokela, ile kazi ya kusaidiana ambayo mwenye shamba huwakaribisha majirani kwa pombe. Watu wakatazamana. Pombe? Kwa shughuli hii?

"Pombe," Hildegardi akasema. "Modest hakuuawa na ulezi wa mtungini, aliuawa na mlevi kwenye pikipiki. Na mtu asiniletee uso wa matanga."

Celestina, ambaye tangu hukumu alikuwa akipita njia ya nyuma ili wasikutane, alikuja jioni hiyo na kimea kichwani, akasimama mlangoni. Hildegardi akampokea mzigo. "Umechelewa miaka mitatu," akasema. "Washa moto." Wakapika pombe pamoja siku zote zilizohitajika, wakasengenya watu wote waliostahili, na kwa ajili ya wenye pikipiki wakapika pia sufuria kubwa ya togwa, tamu, isiyolevya hata mtoto.

Siku yenyewe mbingu ilikuwa nyeupe. Wakaja watu zaidi ya thelathini, na pikipiki tisa zikapangwa uani. Sheria ya Hildegardi ilikuwa moja. Kabla hujapewa kikombe, unatia ufunguo ndani ya kikapu cha kuchumia kahawa. Ukinywa togwa utaupata jioni, ukinywa pombe utaupata kesho. Na mshika kikapu alikuwa Bernadi. Yeye mwenyewe alikunywa togwa.

Alfajiri, kabla hawajafika, Hildegardi alikuwa amejaribu kulisema lile neno mbele ya mbuzi wake. "Ime..." akasema. Mbuzi wakamtazama. Likakwama hapo hapo. Alijua hukumu ya hakimu ilikuwa ya haki, na yake pia ilikuwa ya haki. Ila aliogopa kwamba akisema imetosha, Modest atakuwa amekwisha kabisa. Na akisema haijatosha, atakuwa amesema uongo mbele ya watu thelathini, na kijana yule atainamisha kichwa chini maisha yake yote.

Kazi ilikwenda kwa nyimbo na matusi ya kirafiki. Saa saba wakapumzika, ukiwa umebaki mraba mmoja tu, ule wa kwenye jiwe. Pombe ikazunguka. Ndipo Elias, dereva wa bodaboda, akamjia Bernadi na mkono wazi.

"Kaka, nipe ufunguo. Abiria ananisubiri barabarani."

"Umekunywa, Elias."

"Viwili tu."

"Vitano. Lala kivulini, abiria atapata mwingine."

Elias akacheka, kisha akakasirika, maana vijana walikuwa wanatazama. "Wewe? Wewe uliyeua mtu ndiye unifundishe mimi kuendesha?"

Kata ya pombe ikasimama hewani. Celestina akafunika uso kwa khanga. Hildegardi alihisi damu ikimpanda, akafungua mdomo amjibu Elias majibu ya kumtosha mpaka Pasaka, kisha akaufumba. Alitaka kuona.

Bernadi hakuinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu atoke gerezani, alimtazama mtu machoni mbele ya watu.

"Ndiyo," akasema. "Nilimwua Modest. Siku ile nilikuwa nimekunywa kama wewe sasa, na nilijiona mzima kama wewe sasa. Sikupi."

Elias akakishika kikapu akavuta. Bernadi akakikumbatia kifuani. "Nipige ukitaka, Elias. Ufunguo utauchukua kesho, ukiwa umekunywa chai ya mama yako."

Mzee Polikarpo akajikongoja mpaka hapo, akamwekea Elias mkono begani. "Njoo, mwanangu, ukae nami. Nikusimulie tangu mababu walipohamia huku."

Elias akaachia kikapu mara moja. "Hapana, mzee, nalala, nalala," akasema, akajitupa kivulini na kufumba macho, na uani pote pakalipuka kicheko, Elias mwenyewe akicheka huku amefumba macho.

Hildegardi naye alicheka, kisha akakitazama kikapu. Aliukumbuka ule ufunguo wa Lipingo, ulivyokuwa mwepesi alipousogeza. Siku ile meza ilikuwa na watu wazima kumi, yeye mmoja wao, na hakuna aliyeuweka mfukoni.

Wakapanda wote mpaka kwenye jiwe. Bernadi akamwachia mama yake kikapu, akabeba mzigo wa mwisho wa nyasi kavu, akazipanga pande nne za mraba. Kisha akalichukua jembe. Watu wakamgeukia Hildegardi, wakisubiri neno lake. Nalo likakwama, kama lilivyokwama mbele ya mbuzi.

Akashuka hatua mbili, akanyoosha mkono.

"Lete jembe."

Bernadi hakuelewa. "Mama Modest, bado shimo moja."

"Nimeliona, sina mtoto wa jicho. Lete."

Akalipokea, akatemea viganja mate, akaenda kusimama mahali pa mwanamke, mahali ambapo hakuwa amesimama kwa miaka minne. Ottilia ndiye aliyeelewa kwanza. Kigelegele chake kilifika kijitoni, na vingine vikakifuata, na Celestina akaketi chini na kikapu chake cha funguo, akalia kwa sauti.

Bernadi alikuwa bado amesimama, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Na wewe umesimama nini, Bernadi?" Hildegardi akamfokea. "Nyasi zako hizo zimepinda. Zinyooshe, nichimbe."

Bernadi akapiga magoti akazinyoosha, na Hildegardi akachimba nyuma yake.