Sauti Iliyokuwa Kwenye Diski ya Zamani

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa imezeeka kiasi kwamba kila nilipoiwasha ilinitangazia kuwa haina nafasi tena. Nilijua kilichojaza nafasi hiyo. Kwa likizo tatu mfululizo nilikuwa nimekwenda kijijini Didia kwa mama na kinasa sauti kidogo, nikamketisha kwenye mkeka, naye akanieleza ukoo wetu: nani alihamia kutoka wapi, nani alizikwa wapi, na zaidi ya yote majina. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na mama ndiye aliyekuwa akiulizwa ni nani bado hajapata wa kumrithi jina. Kisha kiharusi kilimpata. Akabaki anasikia kila neno na hawezi kusema hata moja. Tangu hapo ndugu walipohitaji jina walinipigia mimi simu, na mimi, kwa sauti ya mtu anayejua anahitajiwa, niliwajibu, "Subirini nifungue kompyuta."

Nilinunua diski kubwa zaidi, mara kumi ya ile ya zamani, nikapeleka kila kitu kwa fundi hapa Kahama. Fundi huyo ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye duka lake jirani na stendi ya mabasi. Nilimfundisha darasa la tatu. Alikuwa mtoto mtulivu aliyeandika kwa mkono wa kushoto, na nilitumia sehemu kubwa ya mwaka ule kujaribu kumhamishia kalamu mkono wa kulia. Siku hiyo alishika bisibisi kwa mkono wa kushoto, akafungua ubavu wa kompyuta kwa wepesi ambao sikuwahi kuuona darasani kwangu.

Vumbi lilimwagika hadi sakafuni. Wachimbaji wawili waliokuwa wakisubiri simu zao walisogea kutazama.

"Dada, udongo huo usiutupe," mmoja alimwambia fundi. "Tukiuosha hatukosi dhahabu."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini nilihisi kana kwamba wageni wameikuta sebule yangu haijafagiwa.

Fundi alinionyesha nafasi tupu chini ya diski ya zamani, na waya wa ziada uliokuwa umekunjwa ukisubiri. Alinishauri tuongeze tu ile mpya na kuiacha ya zamani kama ilivyo. Nilikataa. Mtu fulani ofisini alikuwa amenieleza kwamba diski ya zamani ikifutwa na kuwekewa mfumo upya, kompyuta hukimbia kama mpya, nami nilirudia maneno yake kana kwamba ni yangu. Akaniuliza kama nimehamisha vilivyomo. Nikampa fleshi yangu. Aliigeuzageuza kiganjani.

"Mwalimu, naomba niifungue kwenye mashine yangu kwanza. Tuhakikishe tu."

Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika. Nilikuwa nimekokota alama kumi na nane za rekodi kutoka kwenye kioo cha kompyuta hadi kwenye fleshi, nikajaribu mbili, zikafunguka. Lakini ilinishangaza jinsi kazi ile ilivyokwisha haraka, na mshangao huo niliuzika. Kama angeifungua pale, mbele ya wale wachimbaji, na kukuta nimekosea, ingejulikana kwamba mwalimu hajui. Kwa hiyo nilisema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka uso unanichoma:

"Kusoma nilikufundisha mimi. Leo ndiyo unanisomesha?"

"Ongeza sauti, mwalimu," alisema yule mchimbaji. "Huyu apige magoti."

Fundi alitabasamu kidogo, akaiweka fleshi juu ya meza. "Sawa, mwalimu," alisema, na akaifuta diski kama nilivyoagiza.

Nyumbani nilichomeka fleshi. Alama zote kumi na nane zilikuwepo, na kila niliyoigusa ilinijibu kwamba kinachotafutwa hakipo. Mwalimu mwenzangu anayefundisha kompyuta alizitazama kwa muda mfupi tu. Alinieleza kwamba nilichohamisha ni njia za mkato. Zilifunguka siku ile kwa sababu zilinirudisha kwenye diski ileile. "Umebeba vibao vya barabarani," alisema kwa upole, "miji umeiacha nyuma." Nilimshukuru. Sikumwambia kilichokuwa kwenye hiyo miji.

Wiki mbili baadaye kaka yangu mkubwa, anayeishi na mama Didia, alinipigia simu akiwa na furaha. Binti yake amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza. Alitaka kujua ni yupi kati ya mashangazi wa baba ambaye jina lake halijachukuliwa. Mama alikuwa ameyataja yote kwenye rekodi.

"Fundi kafuta," nilimwambia.

Maneno mawili. Hata kortini yasingeitwa uongo, na kwa siku kadhaa nilijifariji kwa hilo. Kaka alipokuja Kahama kuuza mpunga alipita dukani kwa fundi. Baadaye alinisimulia mwenyewe, kwa kuridhika, jinsi alivyomsema mbele ya wateja wake kwamba amewaua wazee wa watu mara ya pili. Nilimuuliza kaka yule fundi alijibu nini.

"Aliomba msamaha tu. Akasema nikuambie umpelekee ile kompyuta ajaribu kuokoa. Angalau ana adabu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikauliza hali ya mtoto.

Nilikaa siku nne na aibu hiyo kabla sijabeba boksi la kompyuta kurudi stendi. Alinipokea kama siku zote, "Shikamoo mwalimu," na akanivutia kiti. Nilimuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hakumwambia kaka yangu ukweli.

"Ningeanzaje, mwalimu? Ni kaka yako. Ningekuaibisha."

Alisema hivyo akiwa ameshaanza kufungua skrubu. Mimi nilikuwa nimemwachia lawama yote ili nisiaibike, naye alikuwa ameibeba kwa sababu hiyohiyo.

Aliihangaikia diski ile siku tatu. Sehemu kubwa ya rekodi ilikuwa imefunikwa na mfumo mpya nilioulazimisha. Alipata kipande kimoja cha dakika kumi na moja, akanipigia simu niende nikisikilize. Ilikuwa sauti ya mama kabla ya kiharusi. Alikuwa akizungumza Kisukuma, haraka, akicheka katikati, akiwapanga mashangazi wa baba mmoja baada ya mwingine pamoja na vituko vyao: huyu mchoyo wa karanga, huyu aliyemkimbia mume mara tatu. Kisha sauti nyingine ikaingia, kavu, ya mtu anayesahihisha madaftari.

"Mama, subiri. Hayo rudia kwa Kiswahili, vizuri, taratibu. Naandika."

Halafu mama akaanza upya kwa Kiswahili, akipapasa kila neno kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Vicheko vimekwisha. Akataja majina matatu na kusema, "Basi, ni hao tu."

Hawakuwa hao tu. Nilimtazama fundi, alikuwa ameinamia meza, akipanga skrubu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Sauti ile aliijua tangu darasa la tatu, kabla yangu.

Dukani kulikuwa na wateja, na safari hii sikupunguza sauti. Nilisema kwamba yeye alinionya, kwamba mimi nilimkatalia, na kwamba kaka yangu alimtukana kwa kosa langu. Nikamwomba anisamehe.

"Yameisha, mwalimu," alisema, huku akinifungia diski ya zamani kwenye kipande cha gazeti.

Kesho yake nilikwenda Didia. Nilimweleza kaka yote, na nilimweleza mama akiwa pale pale, kwa sababu anasikia.

"Kwa hiyo mimi nimemtukana mtoto wa watu bure," alisema kaka.

Nilikubali kwa kichwa. Tukaweka katikati ya mkeka simu yangu, ambayo fundi aliniwekea ile rekodi, tukaicheza. Mama aliposikia sauti yake, uso wake ulibadilika. Rekodi ilipofika kwa yule shangazi aliyemkimbia mume mara tatu, mama aliubana mkono wa kaka kwa mkono wake usiopooza, na kaka akasimamisha rekodi, akauliza kama ni huyo, naye akaubana tena. Mtoto akawa amepata jina.

Kilichotakiwa kilikuwa kimeshapatikana. Nilijua kinachofuata, nikanyoosha mkono nizime. Kaka akaiwasha tena na kuisogeza simu upande wake.

"Acha," alisema. "Tusikilize mpaka mwisho."

Sauti yangu ikaingia, ikamwambia mama arudie kwa Kiswahili, vizuri. Mama hakuitazama simu. Alinitazama mimi, kwa dakika zote zilizobaki.