Mama Mdogo Dotto Nyuma ya Slabu Saba

AMETOKAAA! Mama mdogo Dotto ametoka, mzima, miguu yote miwili! Yaani mpaka leo nikimwona anasonga ugali nachekaga mwenyewe kama chizi.

Haya ngoja nianze vizuri. Dotto ni pacha wa mama yangu, mama ndo Kulwa. Wamezaliwa Murangi, mama akabaki na dagaa, Dotto akaenda kwenye mawe. Mwaka wa kumi na moja huu yuko karakana moja ya Buhare, wanakata graniti za kaunta za jikoni na za makaburi. Slabu moja nzima, yaani bamba la jiwe ambalo halijakatwa, inapita kilo mia mbili. Zinakaaga zimesimama, zimeegemea stendi ya chuma kama paa la nyumba, nusu huku, nusu huku.

Zile pande mbili yeye ndo alizipa majina. Wa mlangoni Kulwa, wa ukutani Dotto. "Ukimpunguzia Kulwa, mpunguzie na Dotto, la sivyo watagombana." Wenzake wanamchekaga, wanamwita Mama Mapacha.

Jumatatu asubuhi lori likaja. Mugeta, fundi wa kukata, akapakia slabu sita, zote za upande wa Kulwa, si ziko karibu na mlango! Mama mdogo hana habari. Akapita kule ukutani kuchukua brashi. Stendi haijafungwa chini na bolti. Ikalalia upande wa ukutani, alipo yeye.

Slabu saba zikaenda nayo, vichwa vikagonga ukuta, zikakwama hapo. Yeye akabaki chini ya slabu, kwenye kinafasi kama hema dogo, amekaa, shavu kwenye jiwe, buti la kushoto limebanwa na chuma.

Mugeta akapiga kelele, "Jamani njooni! Tushike wote tuvute stendi!"

Sauti ikatoka ndani: "Mugeta, hiyo si ng'ombe wa kuvutwa mkia! Usiguse!"

"Mama Mapacha, uko hai?"

"Ningekufa ningekujibu? Ukivuta stendi, mawe yanabaki kwangu!"

Wote wakarudi nyuma.

Hapo simu yake ikaanza kuita kwenye aproni. Mkono haufiki. Inaita, inakata, inaita. Ni mimi huyo, nilikuwa naomba bando! Anasema kila ikitetemeka alikuwa anadhani jiwe linasogea. Jamani nisameheni.

Anasema maumivu aliyazoea. Kilichomtesa ni shingo, haigeuki. Anaona kidoa kimoja tu cheupe cha graniti, hapo hapo mbele ya jicho. Vumbi linamwasha pua, na anaogopa kupiga chafya. Masaa matatu! Mawe yakilia "kchk", anaacha kupumua.

Na humo humo ndo anawaelekeza: wekeni mirunda, zile nguzo za miti, pembeni slabu zisiteleze. Fungeni slabu na stendi pamoja kwa mikanda. Halafu winchi ya kunyanyulia mawe irudishe vyote, taratibu, na asisimame mtu zinakoweza kuangukia.

Mama alishapigiwa simu, akafika na bodaboda, ananuka dagaa.

"Dotto!"

"Kulwa, dagaa umemwachia nani?"

"Hebu nyamaza wewe!"

"Nikinyamaza hawa watavuta."

Mama akakaa chini kwenye vumbi, akaanza kumwongelesha. Alimwongelesha mambo ya utotoni mpaka mikanda ikaisha kufungwa.

Winchi ikalia. Stendi ikanyanyuka kidogo, ikasimama, ikanyanyuka tena. Mguu ukachomoka, buti likabaki limekuwa chapati. Akatoka kwa kutambaa, na kitu cha kwanza, chafya! Kubwa! Watu wote wakaruka, Mugeta mpaka nje.

Hospitali wakapiga picha. Hakuna mfupa umevunjika, vidole viwili tu vimevimba.

Sasa stendi imefungwa chini na bolti. Mugeta ndo kapaka rangi nyekundu, KULWA huku, DOTTO huku, na akipakia anaitaga kama konda: "Kulwa moja! Dotto moja!"

Kama unamjua mtu yeyote anafanya kazi na slabu, mtumie hii, leo leo.